Siku Tuliyomshona Kambare wa Katesh

Nikisema nimestaafu, watu hucheka kwanza, kisha huniangalia mara ya pili. Nina miaka thelathini na sita. Daktari aliyesikiliza mapafu yangu hakucheka. Kwa miaka kumi na moja nimevuta harufu ya formalini, dawa tunayoulia vimelea vya samaki, ndani ya vibanda visivyo na dirisha, na sasa nikiinusa tu kifua kinabana. Barua inasema nimeacha kazi kwa sababu za kiafya. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwenu mnaobaki ni huu: vaeni barakoa. Mimi nilihoji kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kinaingia puani mwangu.

Mmeniomba niandike ya kazini. Vyeo nitaviruka, havikuwa vingi. Nitaandika juu ya siku za kwanza, juu ya mzee aliyenifundisha kazi, na juu ya kambare mmoja.

Nilifika Katesh na shahada ya ufugaji wa viumbe wa majini, begi moja, na viatu visivyofaa matope. Ofisini walinipokea vizuri, ila hakuna aliyejua wanikalishe wapi. Hanang ni wilaya ya ng'ombe, mahindi na vitunguu. Mkuu wangu alisoma barua yangu mara mbili, akachungulia nje ya dirisha mlimani, kana kwamba bahari ingeweza kuwa upande ule. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa naitwa Mama Samaki, ingawa sikuwa na mtoto wala samaki. Mama yangu kule Tumati alikuwa mkali zaidi. Aliniuliza, "Miaka yote hiyo ya kusoma, umekwenda kuchunga kitu kisichoonekana?"

Kazi ya kwanza ilikuwa mabwawa ya Gitting. Mkulima mmoja aliniuliza kama samaki analala. Nilimweleza kwa robo saa, nikamchorea na ubongo wa samaki mavumbini. Alinisubiri nimalize, kisha akasema alitaka tu kujua kama inabidi mtu akeshe naye. Tangu siku hiyo, nikiulizwa swali, mimi huuliza kwanza mtu anataka kulifanyia nini jibu. Ningelikumbuka hilo kila mara, nusu ya karatasi hii isingekuwepo.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Wavu wa kitambaa laini, kwa sababu wavu wa kamba hukwangua ute wa samaki, na ute ndio ngozi yake ya kwanza. Kipimajoto. Karatasi za kupimia ukali wa maji. Ndoo nyeupe, si ya bluu, maana ndani ya bluu damu huioni vizuri. Chupa ya mafuta ya karafuu ya kumlaza samaki usingizi. Vingine vyote, sindano, nyuzi, koleo, niliazima dukani kwa Mzee Tluway.

Mzee Tluway alikuwa bwana mifugo mstaafu, mtu wa Dongobesh aliyezeekea Katesh. Alikuwa na duka la dawa za mifugo karibu na stendi. Miaka yake yote alishona ng'ombe: waliochomwa pembe, waliokatwa na waya, waliopasuliwa kiwele. Alikuwa na mikono mikubwa isiyotetemeka. Mimi nilimsumbua. Kwa nini unashona hivi na si vile? Nani amepima kwamba dawa hii inafanya kazi? Hakukasirika. Aliwaambia wateja, "Huyu binti, siku anazaliwa alimdai mkunga cheti."

Lakini alijibu kila swali, na mara nyingine alinyamaza siku mbili akaja na jibu. Sijapata mwalimu wa namna ile chuoni.

Sasa huyo kambare. Mzee Hamisi alikuwa mfanyabiashara wa Katesh, mwenye nyumba ya wageni. Mwaka wangu wa pili alikuja Gitting siku ya kugawa vifaranga, akaomba kimoja tu, akaondoka nacho kwenye chupa ya soda. Kila mtu alimcheka. Alimtengenezea tangi la kioo kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, na kambare akakua mpaka akawa na urefu wa mkono wangu mzima na kiganja juu yake. Wageni walimwita Diwani, kwa sababu ya sharubu, na kwa sababu wakati wa chakula alikuwa wa kwanza kufika.

Kisha Mzee Hamisi akapata kiharusi. Upande wa kulia ulilala. Maneno yakabaki matatu: "sawa", "toka" na "bado". Hospitali walimpa mpira wa kuminya ili vidole visikakamae, akautupa uani. Walimpa kamba ya kufunga mafundo, akaitupa pia. Kitu pekee alichokubali kufanya kwa mkono ule ni kumlisha Diwani. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti chake, akachota kipande cha ini kutoka kwenye bakuli kwa vidole vilivyogoma, akakishika juu ya maji hadi kambare apande kukichukua. Vipande vingi vilianguka. Ila baada ya miezi, vidole vitatu vilikuwa vimeanza kufunguka. Mkewe, Mama Rama, aliwahesabia wageni vidole hivyo kama mtu anayehesabu wajukuu.

Ndiyo maana aliponipigia simu asubuhi ile ya masika, sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Mwanangu, Diwani ameruka."

"Ameruka wapi, mama?"

"Nje. Nilifunua mfuniko nisafishe kioo, mvua ikapiga bati, akaruka. Amepiga ile kona ya chuma. Nimemrudisha kwa khanga mbichi. Mwanangu, nyama inaonekana. Na Baba Rama anamaliza chai."

Kambare mvua ikinyesha hutaka kusafiri, ndivyo alivyoumbwa. Mfuniko ule nilimshauri mimi mwenyewe auweke. Sikumwambia sababu.

Nilipitia kwa Mzee Tluway, naye akafunga duka bila kuuliza. Tulipofika, Mama Rama alikuwa ameshatundika kitenge mbele ya tangi, na mumewe alikuwa ameketi uani chini ya veranda, ameambiwa kwamba tangi linasafishwa. Tulimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Bado," alisema, na alitazama begi la Mzee Tluway mikononi mwangu.

Nyuma ya kitenge mambo yalikuwa mabaya. Kuanzia nyuma ya pezi la ubavuni, ngozi na nyama vilikuwa vimefunuka urefu wa kiganja na kuning'inia kama mfuko wa shati uliochanika. Maji yalikuwa na wekundu. Diwani alilala chini, pembeni, na kila baada ya muda alipanda juu kuvuta hewa, akashuka vibaya.

"Tunashona," alisema Mzee Tluway.

"Hatushoni. Samaki ukimfunga kidonda unafungia uchafu ndani. Kinaachwa wazi, kinaziba chenyewe."

"Umeona wapi?"

"Nimesoma."

"Umeona wapi, binti?"

Sikuwa nimeona popote. Samaki wote niliowatibu mpaka siku ile walikuwa na vidonda vya ukubwa wa kucha.

"Hiki kinachoning'inia," alisema, akionyesha kwa kalamu bila kugusa, "akigeuka tu kitaendelea kuchanika. Kesho tutakuwa na kidonda mara mbili. Wewe unaogopa uchafu, mimi naogopa mpasuko. Sasa tuogope vyote."

Tukakubaliana hivi: atashona sehemu ya juu tu, kushikilia ile nyama mahali pake, na chini tutaacha tundu la kutoa majimaji. Mpaka leo sijui nani alishinda ubishi ule. Wenzangu, mkibishana na mtu anayejua, bishaneni hivyo, mpaka kitu cha tatu kitokee.

Nilichanganya mafuta ya karafuu kwenye beseni kubwa kwa kipimo nilichofundishwa. Diwani hakulala. Kipimo kile kilikuwa cha sato. Kambare hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo dawa iliyo majini huipata kidogo kidogo. Niliongeza. Bado alipiga mkia. Niliongeza tena, tone moja moja, kwa sababu kati ya samaki aliyelala na samaki aliyekufa kuna matone machache, na hakuna aliyewahi kunionyesha mpaka uko wapi kwa mnyama wa ukubwa ule. Niliweka kidole karibu na shavu lake, pale samaki anapopumulia, nikahesabu anavyofungua. Mara moja. Kimya. Mara moja tena.

"Sasa," nilisema.

Tulimlaza kwenye godoro la sponji lililolowa. Mama Rama alipewa birika la chai lenye maji ya karafuu, na la pili lenye maji matupu likawekwa pembeni, kazi yake kumiminia polepole mdomoni ili mashavu yasikauke. Mzee Tluway aliosha kidonda, akachoma sindano ya kwanza kwenye ngozi, na Diwani, ambaye mimi nilidhani amelala, akafyatua mwiba wa pezi na kumtoboa dole gumba. Damu ikatoka.

Mzee Tluway hakuondoa mkono. "Diwani amepiga kura," alisema, akavuta uzi.

Alishona nyuzi saba. Ngozi ya kambare haina magamba, lakini inateleza, na kila uzi alinitaka nishike kingo kwa kitambaa kilicholowa bila kubana. Kwenye uzi wa tano shavu liliacha kufunguka.

Nilihesabu hadi kumi. Nilihesabu hadi ishirini.

"Amekwenda?" aliuliza Mama Rama. Birika lilikuwa linagonga meno ya samaki.

"Maji safi," nilisema. "Mimina yasiyo na dawa. Mama, hilo jingine, upesi."

Alibadilisha. Mzee Tluway aliendelea na uzi wa sita kana kwamba hakusikia. Kutoka uani tulisikia fimbo ya Mzee Hamisi ikigonga saruji, mara mbili, kama mtu anayeuliza kitu. Kisha shavu likafunguka. Likafungwa. Likafunguka tena. Uzi wa saba ulikatwa, nikamchoma dawa ya kuzuia uambukizo kwenye mnofu wa mgongoni, tukamrudisha tangini na kumshikilia wima mpaka alipoweza kujishikilia mwenyewe.

Kabla sijaondoka nilitoa maagizo. Msimlishe. Punguzeni mwanga. Wekeni chumvi ya kawaida ya dukani, nikataja kiasi, iyeyushwe kwanza kwenye ndoo. Chumvi kidogo humpunguzia samaki mwenye jeraha kazi ya kupambana na maji yanayoingia mwilini. Mzee Tluway alisema yeye atabaki kunywa chai, atasimamia. Nikaenda ofisini nikiwa mtu mwenye furaha, hali ambayo kazini inapaswa kututia wasiwasi.

Kesho yake saa moja asubuhi nilipita kumwangalia. Kitenge kilikuwa mahali pake. Nyuma yake Diwani alikuwa kichwa juu mkia chini, mdomo nje ya maji, anavuta hewa bila kupumzika, na mwili umefunikwa na utando mweupe. Nyuzi zilikuwa salama kabisa. Kilichokuwa kinamuua si kidonda.

Niliingiza mkono majini nikasugua vidole. Viliteleza, kama nimeshika sabuni.

Sikuhitaji karatasi ya kupimia, ila nilipima, na rangi ilikwenda mwisho wa kadi. Nilijua hayo maji. Nimeyaona pembeni mwa Ziwa Balangida, na nimemwona baba yangu akiwaletea ng'ombe mawe yake. Yalikuwa na magadi, ile chumvi kali ya ziwani.

"Nani ameweka magadi humu?"

Mama Rama aligeuka kutazama mlangoni. Mzee Tluway, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni na dole gumba limefungwa kitambaa, alivua kofia.

"Mimi," alisema. "Jana jioni."

"Nilisema chumvi ya dukani, mzee."

"Nilisikia. Ile ya dukani ni ya watu. Mnyama mwenye kidonda hupewa ya ziwani. Nimeosha madonda ya ng'ombe kwa magadi tangu kabla hujazaliwa, yakafunga. Nikaona huyu naye ni mnyama."

Hakuna mtu wa pwani ambaye angefanya kosa lile. Lilikuwa kosa letu sisi, la watu waliokulia nyuma ya ng'ombe, na lilifanywa kwa upendo. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilimweleza, nikiwa tayari natafuta ndoo, kwamba samaki anakojoa na kujisaidia ndani ya maji yale yale anayopumua, na magadi hugeuza taka hizo kuwa sumu kali, na sumu hiyo inaunguza mashavu yake tunavyoongea. Kama angekuwa sato angekufa alfajiri. Huyu alikuwa hai kwa sababu anajua kuvuta hewa.

"Tunamtoaje?" aliuliza.

Hilo ndilo swali. Maji ya bomba yalikuwa hayatoki. Simtanki la mvua lilikuwa limejaa, lakini maji ya mvua ya Katesh asubuhi yanauma vidole. Kumtupa humo ghafla ni kumuua kwa njia nyingine. Tulileta pipa kutoka uani. Mama Rama akawasha majiko yote, akasimamisha chai ya wageni. Tukachanganya ya moto na ya baridi, kipimajoto mkononi mwangu, mpaka yakalingana na ya tangini. Chumvi, safari hii, niliipima mwenyewe nikaionja. Ndoo zote za kutoka simtanki alizibeba Mzee Tluway. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini. Nilipotaka kumpokea moja alisema, "Hizi ni zangu," nami nikaelewa, nikamwachia.

Tulikuwa katikati ya shughuli hiyo, sakafu imelowa, Diwani ndani ya pipa na nyuzi zake saba wazi machoni mwa watu, niliposikia fimbo ukumbini. Hakuna aliyekuwa amekumbuka mlango wa uani.

Mzee Hamisi alisimama. Aliangalia kitenge, akaangalia tangi tupu, akaangalia pipa. Mzee Tluway aliweka ndoo chini.

"Hamisi, ni mimi nimemharibu," alisema. "Nilitaka kumtibu."

Mzee Hamisi alimpita bila kusimama. Kisha alikuja mpaka pale nilipokuwa nimechuchumaa.

"Toka," aliniambia.

Nilikuwa namzibia mwanga. Nilisogea. Aliletewa kiti, akakaa karibu na pipa, na hakutoka pale siku nzima.

Diwani hakufa siku ile. Ute ulirudi taratibu, weupe ukapungua, na siku ya nne tulimrudisha tangini kwenye maji mapya. Lakini hakula. Siku ya sita Mzee Hamisi alianza kumshikia ini kama zamani. Kambare alikuwa chini, sharubu hazisogei. Siku ya saba, vile vile. Siku ya nane niliwaambia ukweli: mashavu yaliyoungua hupona au hayaponi, na samaki asiyekula baada ya jeraha kama lile mara nyingi hamalizi mwezi. Mama Rama aliniuliza kama nilikuwa na dawa ya kumpa hamu ya kula. Sikuwa nayo. Aliniuliza kama amwambie mumewe aache. Nilisema sijui, na sikuwa nimezoea neno hilo.

Mzee Hamisi hakuacha. Kwa kuwa hakuna aliyechukua ini, ilimbidi akae amelishika, dakika nzima, dakika mbili, mpaka vidole vinachoka na kipande kinaanguka. Kisha anaokota kingine. Mama Rama alisema samaki anamfundisha mumewe subira. Mimi nilisema samaki anaumwa. Mzee Tluway, aliyekuja kila asubuhi kabla ya kufungua duka, alikaa kwenye benchi na kofia mapajani.

Hapa niweke somo, kwa sababu ndilo mliloniomba. Maagizo yangu ya siku ile yalikuwa sahihi, na karibu yamuue mgonjwa. Nilisema kwa mdomo, nikaondoka. Sikumwonyesha mtu pakiti, wala sikumuuliza Mzee Tluway kwao kidonda kinaoshwa kwa kitu gani. Mimi niliyemhoji kila uzi aliovuta, sikuwa na swali hata moja juu ya kile alichokijua kabla yangu. Baada ya hapo, popote nilipoacha dawa, nilimwambia mwenye samaki: nionyeshe utakachoweka. Mara nyingi walichonionyesha hakikuwa nilichosema, na walikuwa na sababu nzuri.

Siku ya kumi na moja nilipita nikiwa nimekwisha kuandaa maneno ya kuwaambia. Mzee Hamisi alikuwa kwenye kiti chake, mkono wa kulia juu ya maji, ini kati ya vidole vitatu. Tulikaa hivyo. Kisha sharubu moja ya Diwani ikainuka, na nyingine, na akapanda kwa upande ule wa kovu, polepole, akagusa vidole, akagusa ini, akashuka.

Mzee Tluway alisimama kutoka kwenye benchi.

Diwani alipanda tena. Safari hii alilichukua.

Mama Rama aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kisha, kwa kuwa ni mwanamke anayefuata maagizo, aliligeukia bakuli aliondoe. "Basi, Baba Rama. Inatosha kwa leo, tumbo lake bado dogo. Si ndiyo, mwanangu?"

Ilikuwa ndiyo. Nilikuwa na sababu tatu za kitaalamu, na zote zilikuwa nzuri.

Mzee Hamisi aliushusha mkono wake ndani ya bakuli kabla halijasogezwa. Vidole vitatu vilifunga juu ya kipande kingine. Kisha, polepole, cha nne kikakunjwa, kikavifuata.

"Bado," alisema.

Sikubisha.